Kima wa Dakika Saba

Honda Z50 ni pikipiki ya cc 49. Mtu mzima akiikalia, magoti yanagusa masikio, na ndiyo sababu ikabandikwa jina la Monkey, yaani kima. Yangu ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina magurudumu ya inchi 8 na usukani unaokunjika ili ilale kwenye buti ya gari. Siku ya kuinunua, mwenyewe aliilaza butini, akazungusha kitu fulani juu ya kifuniko cha tangi, akaniambia neno. Sikulisikia. Mawazo yangu yalishafika barabarani.

Nyumbani nikapiga kiki mbili, ikawaka. Nikazunguka uwanja huku napiga honi kwa mdomo. Ilipogonga dakika ya saba hivi, karibu na ua wa michongoma wa jirani, ikaanza kumisi, ikakohoa, ikazima. Nikavuta choki, ikatoa pumzi mbili tatu, ikazima tena.

Kabureta hiyo, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa! Yeyote aliyeishi na pikipiki kuukuu atakwambia: petroli ikikaa miezi humo ndani inageuka utandu kama gundi, inaziba jeti, yaani kipande chenye tundu la kupitishia petroli. Na jeti ndogo ya mashine hii ina tundu ambalo unywele ukitaka kupita lazima upige hodi. Choki ukiivuta, hewa inapungua na injini inaamka kidogo, ukiirudisha, inakufa. Dalili ndizo hizo. Daktari mwenye akili angempima mgonjwa kwanza. Mimi nilimpasua.

Nikaifungulia juu ya meza ya kulia. Bakuli la floti, yaani la boya linalodhibiti petroli inayoingia, lilikuwa na kijiko kizima cha majimaji ya kahawia, yananuka kama vanishi iliyochacha. Nikaielekeza jeti kwenye taa: giza. Nikachomoa uzi mmoja mwembamba kutoka kwenye waya wa umeme, nikapenyeza, nikasokota taratibu, nikaangalia tena: nuru, ndogo kama nyota ya alfajiri. Nilipiga kelele hadi mke wangu akatoka mbio akidhani nimejikata kidole.

Kwenye skrubu ya hewa sitaki hata kukaa sana. Kabla ya kuitoa unatakiwa uikaze polepole mpaka ikome, huku ukihesabu mizunguko, ili baadaye uirudishe palepale. Nilihesabu kwa makini: ilikuwa mmoja na nusu. Au miwili na nusu. Springi yake iliruka, nikaitafuta chini ya meza kwa saa nzima nikitambaa, kumbe imetulia kwenye mfuko wa shati langu.

Nikafunga, nikajaza mafuta, nikapiga kiki moja. Ikawaka kama mpya! Dakika saba. Michongoma. Kimya.

Mara ya pili niliichemsha kabureta kwenye maji ya ndimu, dawa ya wazee, na tangu siku hiyo ile sufuria ni mali yangu binafsi kwa amri ya mwenye jiko. Mara ya tatu nilifunga floti juu chini, petroli ikafurika ikanijaa kiatuni. Kilichonivuruga ni kwamba kila nikiifungua, kima anapona. Namjaza mafuta, anawaka vizuri kabisa, kisha dakika saba. Nikaanza kujiona fundi mzuri mwenye mkosi.

Breki zilikuwa zimelegea tangu mwanzo, lakini sikuona haraka. Za nini, wakati chombo chenyewe kinajisimamisha, tena pale pale kila siku?

Mara ya nne kikazima mbele ya mpwa wangu wa miaka tisa. Nikaenda kutafuta bisibisi.

"Mjomba, labda mafuta yameisha," akasema, akafungua kifuniko achungulie.

Tangi likavuta pumzi: *fyooo!* Kama mtu aliyeibuka kutoka kilindini. Nikapiga kiki. Ikawaka, na kabureta sijaigusa hata kwa jicho. Tukatazamana.

Juu ya kile kifuniko kuna kishikio kidogo cha kufungua na kuziba tundu la hewa. Ukikiziba, petroli haimwagiki pikipiki ikilazwa butini. Ila injini ikinywa mafuta na hewa haiingii kujaza nafasi, tangi linabaki limejikaza na petroli inagoma kushuka. Kumbe kila nilipofungua kifuniko ili nijaze mafuta baada ya "upasuaji", ndipo tangi lilipopumua, na mimi nikazipeleka sifa kwa uzi wa shaba na ndimu. Lile neno la siku ya buti nikalisikia siku hiyo, baada ya wiki tatu.

Nikazungusha kishikio, nikapanda, magoti masikioni. Dakika ya tano. Ya sita. Sauti nyororo, haimisi. Ya saba, michongoma hiyo mbele yangu, nami kwa mazoea nikatulia nisubiri izime.

Haikuzima.

Nikabana breki. Kishikio cha breki kikaja mpaka kwenye usukani, laini kama kinabana hewa.

Nilipofumbua macho nilikuwa katikati ya ua, mwiba mmoja sikioni, na kima amekwama wima kwenye matawi kando yangu, ananguruma sawasawa. Mpwa wangu alikuja mbio huku anapiga makofi.

"Mjomba! Leo haijazima!"