Mwezi Ukiwa Mpevu, Funga Kamera

Kila mwezi unapokuwa mpevu simu yangu hujaa picha kutoka hapa Mwanza, Capri Point, Kirumba hadi Ilemela: duara jeupe lisilo na kitu ndani, na weusi pande zote. Halafu linafuata swali lile lile: "Kaka, ninunue lenzi gani?" Jibu langu huwaudhi wengi. Usinunue kitu. Subiri mwezi uandame, hesabu siku saba hadi uwe nusu, ndipo utoke na kamera uliyonayo.

Sisemi lenzi haina kazi. Mwezi angani una upana wa nusu digrii tu. Lenzi ya milimita 300 inauchora kwenye kihisi cha kamera, kile kibapa kinachopokea mwanga, kwa kipenyo kisichofika milimita 3. Ya 600 inaufikisha milimita 5 na nusu hivi. Mwenye 600 ana pikseli nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini pikseli nyingi za picha iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga, zina faida gani?

Maana wengi wanaunguza. Wanaona ni usiku, wanaiachia kamera iamue, nayo ikiona giza tupu inaweka shata ndefu, yaani inaacha mwanga uingie kwa muda mrefu. Kinachopigwa si usiku. Ni jiwe lililoanikwa juani mchana kweupe, jua hili hili linalokausha dagaa pale Igombe. Ndiyo maana wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni yao kwa mwezi mpevu: tundu la lenzi f/11, wepesi wa kihisi ISO 100, shata 1/100 ya sekunde. Mwezi nusu una mwanga hafifu zaidi, kwa hiyo mimi huanzia f/8, ISO 400, shata 1/250, kisha napandisha au kushusha kwa kutazama.

Ubaya wa mwezi mpevu ni kwamba jua linaumulika usoni, likitokea nyuma ya migongo yetu. Mashimo na milima yake yanakosa vivuli, na pasipo kivuli jicho halioni kina. Mwezi ukiwa nusu, jua linaupiga ubavuni. Pale nuru inapokutana na giza kila ukingo wa kreta, yale mashimo ya mviringo, unatupa kivuli kirefu, na vilele vya milima ya Apennine ya huko mwezini vinawaka huku mabonde yake bado yamezama gizani. Siku mbili hivi baadaye inajitokeza Copernicus, kreta yenye upana wa kilomita 93, na hata lenzi ya 300 inaionyesha. Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji kufundishwa kwamba nuru huhitaji giza: siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, kwa sababu taa hazivuti kitu wakati ziwa lote linang'aa.

Tena sisi wa Mwanza tumependelewa. Tupo digrii 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, hivyo mwezi ukifika kileleni haushuki chini ya digrii 58 hivi kutoka upeo wa macho. Mpiga picha wa London wakati wa kiangazi anahangaika na mwezi mpevu unaotambaa chini, nyuma ya hewa nene inayochezacheza. Wetu upo utosini, na ule wa nusu ya kwanza unafika huko mnamo saa 1 usiku, hata ugali haujasongwa. Gharama yake ni shingo, pamoja na zile stendi nyepesi ambazo kichwa chake huteleza polepole ukielekeza lenzi nzito juu.

Hewa ya karibu nayo ina visa vyake. Majabali na mabati ya mji huu hushinda yakichomwa na jua, na jioni yanatapika joto lote. Ukipiga kupitia juu ya paa, picha inatetemeka kabla hujagusa kamera. Tafuta nyasi. Piga nyingi mfululizo, kwani chache zitaangukia pale hewa ilipotulia. Programu ya bure ya AutoStakkert itakuchagulia nzuri na kuziunganisha. Mengine mnayajua: kipima muda cha sekunde 2, fokasi kwa mkono ukiwa umekuza picha kwenye skrini, na shata isizidi kuwa ndefu, kwa sababu mwezi hupita upana wake wenyewe kwa dakika 2 tu.

Najua kuna watakaosema wao wanautaka mpevu, ule mkubwa unaochomoza juu ya maji. Sawa, hiyo ni picha nyingine, ya mandhari, na ukali wa kreta usiutegemee. Ila mwezi mpevu huchomoza mashariki, na Ghuba ya Mwanza ipo magharibi mwa mji. Ukionyeshwa picha ya jioni iliyopigwa mjini, mwezi mpevu ukiibuka kutoka ghubani, muulize mwenyewe aliutoa wapi. Anayeitaka kwa haki avuke hadi Kamanga, ng'ambo ya ghuba, ageukie mji, ausubiri uchomoze nyuma ya milima ya Mwanza jua likizama. Aulizie kwanza kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi.