Hata "U" ni jibu

Leo nimefungua barua pepe mara ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, kabla hata ya kupiga mswaki. Nikaifungua tena nikingoja chai ichemke, tena nikiwa juu ya boda, tena getini mwa shule huku mlinzi akinisalimu na mimi nikiitikia bila kumtazama. Kufikia mapumziko ya saa nne bando la siku lilikuwa limekwisha, na barua iliyokuwa imeingia ni moja tu: tangazo la mashine ya kukamua juisi.

Ni siku ya 23 tangu ipite tarehe waliyoahidi waandaaji wa shindano la hadithi za Kiswahili nililoshiriki. Tangazo la shindano lilisema matokeo yatatoka "mwishoni mwa Agosti". Mimi ni mwalimu, najua kwamba mwisho wa mwezi una maana nyingi, hasa kwa mtu anayengoja mshahara. Kwa hiyo nikawapa wiki moja ya heshima. Ilipopita nikaandika barua ya adabu kuuliza kama kuna habari yoyote. Kimya. Nikaandika ya pili, fupi kuliko ya kwanza, na adabu nayo ilikuwa imepungua kidogo.

Hadithi niliyotuma inamhusu mwanamke anayevusha mahindi hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Niliiandika kwa kalamu daftarini, usiku mwingi Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiwa imeisha na taa ikiwa ni ya simu, kisha nikaipeleka kuchapwa kwenye duka la kutoa kopi. Kijana wa pale alinitoza shilingi elfu moja kwa ukurasa, kurasa kumi na mbili. Alipofika wa nane akaacha kuchapa, akaniuliza, "Huyu mama watamkamata?" Nikamwambia aendelee atajua. Mpaka leo huyo ndiye msomaji pekee ninayeweza kuapa kwamba ameisoma hadithi yangu.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mwanaboda wangu. Tangu hapo haniulizi tena habari za nyumbani. Likizo nzima, kila nikipita kwenye steji yao, ilikuwa ni hilo.

"Mwalimu, wamepiga?"

"Bado."

"Watapiga."

Wiki ya pili akaongeza swali: "Lakini Mwalimu, namba uliwapa ile yako ya kweli?" Nikacheka, kisha nilipofika nyumbani nikaenda kuhakikisha.

Watu hudhani kinachomtesa anayengoja ni hofu ya kushindwa. Mimi nimeshindwa mara nyingi, nimezoea. Kinachonitesa ni yule jaji. Sisi wa Uganda tunaoandika Kiswahili tuna kidonda chetu. Tulikua tukiambiwa kwamba hii ni lugha ya askari na wezi, lugha ya kumwamrisha mtu alale chini. Rais Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi sauti yake ikabaki ile ya kambini. Hapa mpakani iliponea kwa sababu ya biashara: bila Kiswahili huuzi wala hununui. Sasa sentensi zangu zina harufu ya soko, na mimi naipenda harufu hiyo mpaka ninapokumbuka kwamba anayezisoma huenda yuko Zanzibar au Dar es Salaam.

Basi ndani ya siku hizi 23 nimemtunga jaji mzima. Ni mzee, amevaa kofia ya viua, miwani imemshukia puani, pembeni ana kikombe cha kahawa chungu. Anasoma mstari wangu wa kwanza, anaguna. Wa pili, anawaita wenzake. "Njooni msikie Kiswahili cha Waganda." (Mimi si Muganda, ni Msamia, lakini jaji huyu hajali mambo hayo.) Wiki ya kwanza alikuwa akiguna tu. Sasa anatukana. Na kusema kweli ameniwia mhusika bora kuliko wote niliowatuma.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandaaji. Mtu asipokujibu, utajijibu mwenyewe, na hutajijibu kwa huruma. Jaji wa kweli pengine ni mama mpole aliyeipa hadithi yangu alama za kati na kuendelea na kazi zake. Kama ningepata mstari mmoja kutoka kwake, yule mzee wa kofia angekufa siku hiyo hiyo.

Nimewahi kungoja na kupumzika kwa wakati mmoja, mara moja tu maishani. Januari 2021 nilikuwa nimetuma mashairi kwenye shindano jingine, na majibu yalitarajiwa wiki ile. Usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima. Kwa siku kama tano hapakuwa na barua pepe ya mtu yeyote, na ingawa mengine yaliyokuwa yakiendelea hayakuwa ya kumpa mtu raha, katika jambo hili moja nililala usingizi mzito. Sikuwa na cha kufungua. Mtandao uliporudi nikakuta kasha la barua pepe tupu, na jibu la shindano lile halijaja hadi leo. Mwaka huo huo ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, ikaondolewa, na badala yake ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo siku hizi kila ninapochungulia kama nimekumbukwa, wasiwasi wangu unakatwa kodi.

Najua nitakachojibiwa: majaji ni wachache, wengi wanajitolea, kazi ni nyingi, na kanuni zilisema wazi kwamba "watakaochaguliwa pekee ndio watakaojulishwa". Hayo maneno nayafahamu. Yametoka kwenye matangazo ya kazi, yakahamia kwenye mashindano bila mtu kuuliza kama yanafaa huku. Aliyeomba kazi ametuma karatasi za vyeti, na vyeti hivyo hivyo anaweza kuvipeleka ofisi kumi kwa siku moja. Mwandishi ametuma kitu kizima. Na kanuni zile zile zinamkataza kukipeleka kwingine wakati bado kinaangaliwa. Hadithi yangu imefungwa tangu Aprili. Ni kama mbuzi wangu amefungwa kwenye uwanja wa mtu: hachinjwi, hafunguliwi, na mwenye uwanja hapokei simu.

Tena sisi wa Uganda hatuwezi kudanganywa kwamba kumjibu kila mtu haiwezekani. Miaka hii kila Novemba watoto zaidi ya laki saba wa darasa la saba (P7) hufanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kwa kawaida Januari haiishi kabla majibu hayajatoka, ya Karamoja na ya Kampala kwa pamoja. Mzazi anaandika PLE na namba ya mtoto, anatuma kwa 6600, anakatwa pesa kidogo, jibu linaingia. Na majibu hayo si ya washindi tu. Kuna daraja la kwanza hadi la nne, halafu kuna U, ya asiyepata daraja lolote, ile herufi ambayo hakuna mzazi anayetaka kuiona. Nimemwona baba mmoja akiitazama U hiyo kwenye simu yake, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza chuo cha ufundi kiko wapi. Alikuwa amejua aanzie wapi. Hata wale ambao matokeo yao yamezuiliwa kwa tuhuma za udanganyifu huambiwa kwamba yamezuiliwa. Siamini kwamba shindano langu lilipokea hadithi laki saba.

Wako wanaoweza. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, ile aliyoshinda Jennifer Nansubuga Makumbi wetu mwaka 2014, hupokea hadithi za Kiswahili pia na haitozi ada. Mwaka 2024 ilipata hadithi zaidi ya 7,000. Lakini dirisha lake hufungwa tarehe 1 Novemba, na kwa kawaida orodha fupi, ya hadithi zilizobaki kuwania tuzo, hutangazwa Aprili, kwa hiyo aliyetuma anajua ni mwezi gani wa kula chakula bila hamu. Ile tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, nayo hutoa orodha fupi kabla ya washindi. Ukiisoma na jina lako halimo, unaumia jioni moja, kesho yake hadithi yako ni yako tena. Mimi sidai barua ya maelezo wala ushauri wa kurekebisha sura ya pili. Tarehe, na neno moja la hapana. Ikishindikana kuandikia watu wote, basi orodha ibandikwe mahali hata kama ni mlangoni mwa ofisi. Nitapanda basi niende kuisoma.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, nikiwa nimekasirika na nikiwa na haki. Kisha nikakumbuka kabati.

Mwaka jana, kwa ajili ya Julai 7, ile siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, niliandaa shindano la insha na hadithi shuleni kwetu. Zilikuja kazi 64. Nilifurahi sana, maana katika shule hii Kiswahili kilikuwa somo la watu wanaongoja kengele. Washindi watatu tuliwaita mbele kwenye paredi ya asubuhi, wakapewa vitabu na kalamu, tukapiga makofi, tukarudi madarasani. Siku chache baadaye msichana wa kidato cha pili (S2) alinifuata nyuma ya jiko la shule.

"Mwalimu, yangu ulisoma?"

"Nilisoma. Jitahidi zaidi."

Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza. Zilikuwa 64, na kazi zilikuwa nyingi.

Jumatatu hii nimefungua kabati la chumba cha walimu nikazikuta zote 61 chini ya marejista ya zamani, panya wakiwa wameanza kula pembe. Yake niliitafuta kwanza. Ukurasa wa kwanza ni ule ule ninaoukumbuka: salamu, utangulizi, methali mbili zisizohusika. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ndio hadithi inaanza. Bibi yake anakaa mlangoni kila jioni akihesabu watu wanaorudi kutoka upande wa pili wa mpaka, na jioni moja hesabu inapungua mmoja. Bibi haambii mtu. Anahesabu upya, na kila anapofika pale pale, anasimama, anaanza tena. Nilikaa na karatasi ile mpaka mwalimu wa zamu akaja kuniuliza kama sina kipindi.

Msichana alihama muhula uliopita. Ana kaka hapa S4. Amesema Jumamosi anakwenda nyumbani, nikimpa bahasha ataifikisha. Nimemwandikia kwamba hadithi yake inaanza ukurasa wa tatu na zile mbili za mwanzo azitupe. Nimemwandikia pia kwamba mwaka jana nilimdanganya.

Zilizobaki nazisoma baada ya chakula cha jioni, na kila moja naiandikia mstari mmoja au miwili, wengine hapana, wengine hapana lakini. Jana usiku nilifika ya 19, kisha Yaka ikaisha.