Rafiki wa Kuchekesha Anaishi Wapi?

Kila ninapotazama kichekesho cha wanawake marafiki, nangoja kuona kama tutafika nyumbani kwa yule anayetuchekesha kuliko wote. Mara nyingi hatufiki. Mhusika mkuu tunajua chumba chake, madeni yake na mwanamume anayempotezea muda. Shoga yake mnene, au mweusi peke yake kati ya weupe, huingia na mzaha na kutoka mzaha ukiisha.

Filamu ya Bridesmaids ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Kristen Wiig na Annie Mumolo, naipenda sana, na ndiyo maana inaniuma. Harusi ni kisingizio tu mle ndani; kinachosemwa hasa ni pesa. Duka la keki la mhusika mkuu, Annie, anayeigizwa na Wiig mwenyewe, limefilisika, na rafiki yake wa tangu utotoni anaolewa huku akivutwa na rafiki mpya mwenye mali. Kila sherehe ina gharama ambayo Annie haimudu, na anaona haya kusema hana. Urafiki mwingi hufa hivyohivyo, bila ugomvi: mmoja anaanza kukwepa simu, mwenzake anadhani ameringiwa.

Lakini Megan, mmoja wa wasindikizaji wa bibi harusi, anayeigizwa na Melissa McCarthy? Kwa sehemu kubwa ya filamu tunaalikwa kuucheka mwili wake na tamaa zake. Kisha anamfuata Annie aliyejilaza kwenye kochi akijihurumia, anamchapa, anamsimulia alivyonyanyaswa shuleni na alivyojiinua mpaka akapata kazi nzito serikalini. Ni dakika chache, nazo ndizo zilizonifanya nimwone mtu. McCarthy aliteuliwa kuwania Oscar kwa uhusika huo. Tungemjua mapema, kicheko kisingepungua hata kidogo.

Filamu ya Girls Trip ya 2017 inakwepa mtego huu kwa namna nyepesi ajabu. Wanawake wanne wanaosafiri kwenda New Orleans wote ni weusi, kwa hiyo hakuna anayebebeshwa kazi ya kuwa "yule mweusi". Uweusi ukishaacha kuwa tabia ya mtu, tabia zenyewe zinaonekana: mama mwoga, mgomvi mwaminifu, mwandishi anayeficha usaliti wa mumewe ili biashara isiharibike. Na yupo Sasha, anayeishi kwa kuandika umbea na ambaye mambo yake ya fedha ni mabaya. Anapata picha ya mume huyo akiwa na mwanamke mwingine, picha ambayo ingemwokoa Sasha kabisa kifedha. Haichapishi. Hapo ndipo naona urafiki ukipewa thamani, kwa sababu umemgharimu mtu kitu.

Wala si jambo jipya. The Golden Girls, tamthilia ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 1985 hadi 1992, iliwaweka wanawake wanne wenye umri mkubwa katika nyumba moja, na hakuna aliyekuwa wa pembeni. Kila mmoja alipewa marehemu wake wa kumlilia au talaka yake ya kuikasirikia, na ukaidi wake mwenyewe. Waigizaji wote wanne walitwaa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani.