Karani mwenye ankara mbili

Ukitaja wafichuzi wa wakwepa ushuru hapa Kisumu, utaambiwa hao ni wachongezi wanaowinda zawadi. Kweli zawadi ipo: tangu 2021, anayeipa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, habari zinazowezesha kodi kukusanywa hupata asilimia 5 yake, isizidi shilingi milioni 5. Na hofu ya wafanyabiashara si ya bure. Mshindani akikusingizia, kontena lako huzuiwa, gharama za kulihifadhi zikapanda kila siku. Mwongo wa aina hiyo aadhibiwe.

Lakini tuipigie hesabu hiyo zawadi. Milioni 5 ni asilimia 5 ya milioni 100. Zikiokolewa milioni 400, mfichuzi hubaki na zile zile 5, yaani asilimia moja na robo. Kadiri papa anavyokuwa mkubwa, fungu la aliyemfichua hupungua na hatari huongezeka. Mwenye tamaa angenyamaza tu, apokee bahasha ya huyo tajiri.

Chukulia karani wa wakala wa forodha. Mezani ana ankara mbili za kontena moja: ya kweli, na nyingine ya nusu bei, ndiyo inayopelekwa forodhani. KRA hupokea taarifa bila jina kupitia mtandao wake wa iWhistle, na ni jambo jema. Ila ankara ya kweli imeonwa na watu watatu tu: mwenye mali, wakala na karani. Hao wawili watahitaji jina la nini kumjua aliyesema?

David Munyakei, karani wa Benki Kuu, ndiye aliyetoa nyaraka za Goldenberg, kashfa ya mabilioni ya umma yaliyolipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu, zilizowafikia wakili Paul Muite na Anyang' Nyong'o, ambaye baadaye akawa gavana wetu. Munyakei alishtakiwa, akafutwa kazi, akafa maskini mwaka wa 2006.

Nauliza, mkulima wa miwa Muhoroni atetewe na nani? Sukari kutoka nje ya Afrika Mashariki na COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 100. Ikiingia kwa njia za panya, inauzwa kwa bei ambayo miwa yake haiwezi kushindana nayo.

Sheria ya Hongo ya 2016 huwalinda wanaofichua hongo, lakini ankara ya uongo si hongo. Mimi nisingeongeza hata senti kwenye ile milioni 5. Ningeweka kifungu kimoja: karani akifutwa kazi baada ya taarifa kufika KRA, mwajiri ndiye athibitishe sababu mbele ya mahakama.