Geti la Bata

Ukiibiwa simu mjini Nakuru watu watakuhurumia. Watakuuliza ilikuwa ya aina gani, watakusimulia jinsi walivyoporwa yao kwenye steji ya matatu, na chai mtakunywa. Ukiibiwa geti watu hucheka kwanza, ndipo waanze kuutafuta uso wa huruma.

Mimi nakaa Kiamunyi, njia ya kwenda Kabarak, ambako watu huhamia wakisema wamechoshwa na kelele za mjini. Na kweli kelele hakuna. Saa tatu usiku unamsikia mbwa wa jirani akijikuna. Tangu Nakuru ilipofanywa jiji, Desemba 2021, kila anayeuza ploti huku hukuimbia wimbo mmoja: "Mzee, huku ni kimya, husikii mtu." Kweli. Humsikii hata aliyebeba geti lako.

Lilikuwa geti la milango miwili, la buluu. Kwa heshima ya ziwa letu nilimwagiza fundi aweke heroe mmoja wa chuma kila upande. Sasa yule fundi sijui heroe aliwaona wapi. Shingo alizikata fupi ili aokoe nondo, miguu akaifanya minene, na midomo ikatoka bapa. Baada ya wiki chache tu, watu wa bodaboda walikuwa wakiwaleta wageni wangu "kule kwa geti la bata". Nilijaribu kuwarekebisha. Nani husikiliza? Hata mke wangu alikuwa akiagiza gesi kwa anwani hiyo.

Na fundi huyohuyo ndiye aliyetuponza. Bawaba za geti la kwetu ni ncha ya chuma iliyosimama, na bomba la mlango linaivaa kwa juu. Fundi mwenye nia njema huigeuza bawaba moja itazame chini, au huchomelea kipande cha chuma juu yake, ili mlango usinyanyuke. Wetu alisema kipande hicho kingeharibu sura. Sura gani, ya bata? Basi mimi nikanunua mnyororo wa kufaa kufungia meli na kufuli la kushika kwa mikono miwili, na wezi wala hawakuligusa. Walinyanyua mlango wa kushoto, wakanyanyua na wa kulia, wakaondoka nayo yote miwili ikiwa imefungwa pamoja barabara.

Ufunguo mimi hulala nao. Asubuhi nilitoka nao mkononi, nikiwa naangalia simu, nikaunyosha pale ninapofungulia kila siku. Ukakosa pa kuingia. Niliinua macho, nikaona barabara. Mtoto mmoja aliyekuwa akienda shule akanisalimia, "Shikamoo," akautazama ufunguo wangu uliokuwa ukielea hewani, kisha akaongeza mwendo.

Nikamwita soja. "Mzee wangu, usiku ulikuwa wapi?"

"Huku nyuma. Nalinda nyumba."

"Na geti?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Geti nilijua ndilo linalonilinda mimi."

Kituoni nilikuta afande mpole, mwenye mwandiko mzuri.

"Geti lilikuwa limefungwa?"

"Kwa kufuli, afande."

"Kufuli lilivunjwa?"

"Hapana. Wameenda nalo."

"Na ufunguo?"

Nikauweka mezani. Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo kufuli ni zima, ufunguo unao wewe, na geti limetoka likaenda zake." Hata hivyo alinipa namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Aliponiuliza ninamshuku nani nikamtaja fundi, lakini hilo hakuliandika. Kuhusu kuja kuangalia, gari halikuwa na mafuta.

Nikarudi kwa watu wangu. Nyumba Kumi, tangu serikali ilipouleta mpango huo mwaka 2013 ili majirani wajuane, huku kwetu umekuwa kundi la WhatsApp la harusi na matanga. Nikatafuta picha ya geti kwenye simu. Niliyokuwa nayo ni moja tu: binti yangu siku ya mahafali, na joho lake, bata mmoja akichungulia begani. Nikaituma na maneno, "Limeibwa jana usiku." Ndani ya dakika chache: Hongera sana! Mungu ni mwema! Amekua jamani! Mstaafu wa nyumba ya kona akauliza alisomea nini.

Ilibidi mzee wa Nyumba Kumi aitishe mkutano. Mstaafu alihutubia kuhusu vijana wa siku hizi, mwingine akataka kila nyumba iwe na firimbi, wa tatu akauliza kama mimi nimelipa pesa za taa ya barabarani. Azimio likawa moja, na nililipendekeza mwenyewe: yeyote atakayeliona geti la bata, popote, saa yoyote, apige mayowe. Likapita bila kupingwa.

Bodaboda mmoja ndiye aliyeninong'oneza kwamba ameona bata mahali wanaponunua vyuma chakavu, njia ya London. (London ni mtaa hapa kwetu Nakuru, pasipoti ya nini.) Nilienda na kofia ya mke wangu ya shambani ili nisitambulike. Na kweli lilikuwa limelazwa juu ya mabati na fremu za baiskeli, mnyororo umekaza, kufuli limefungwa vilevile.

"Hili ni langu," nikamwambia mwenye duka.

"Nimenunua, na nimeandika," akasema, akatoa daftari. Hapo alikuwa na haki. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka awe na leseni na amwandike anayemuuzia, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliifunga biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa, baada ya minara ya stima kuanguka na nchi kuingia gizani. Tangu hapo jamaa hawa wanaheshimu sana daftari. Nikatafuta mstari wa geti langu. Pale penye jina la muuzaji palikuwa pameandikwa: Mwenyewe.

Nikatoa ufunguo, nikautia kwenye kufuli. Tak! Likafunguka.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ni wewe. Daftari langu halidanganyi."

Tulibishana mpaka watu wakaleta viti. Mwishowe akakubali kuniuzia kwa bei ileile aliyonunulia, kwa kilo. Wakaliweka kwenye mizani, na jamaa akapima na mnyororo, na kufuli, na, nina hakika, na mguu wake.

Kijana wa mkokoteni alipanda na mimi polepole, akipumzika kila kilima, na Kiamunyi ina vilima. Tulipofika karibu na nyumbani jua lilikuwa limezama na stima imepotea. Mimi nimejaa kutu mpaka kwenye nyusi, kofia ya shambani imenifika masikioni, nasukuma kwa nyuma. Bata wawili wanatazama mbinguni.

Firimbi ya kwanza ililia kutoka nyumba ya kona.

Yule mkutanoni aliyetaka firimbi alikuwa ameshazigawa. Zikaitikiana upande huu na ule, halafu yakaja mayowe, halafu miguu. "Bata! Bata limeonekana!" Kijana wa mkokoteni aliziachilia zile mbao za kushikia, akaruka ua wa mtu, na huyo akaenda zake. Sijawahi kuona ua ukirukwa vizuri hivyo. Nikabaki mimi nimelikumbatia geti lisiniangukie.

"Ni langu!" nikapaza sauti.

"Kila mwizi husema hivyo!" Hiyo ilikuwa sauti ya mstaafu. Nilimjua kabla ya fimbo yake kunifika mgongoni.

"Nina ufunguo!"

"Aisee! Kumbe ana mpaka ufunguo!"

Hapo mambo yakaharibika. Nyuma huko mtu akauliza nani ana tairi. Wenye kukaa Kenya wanajua tairi linaloulizwa usiku, katikati ya umati, si la gari kupata pancha. Goti langu likakataa kunisimamisha. Nikajaribu kutaja jina langu, na sauti iliyotoka sikuitambua mimi mwenyewe, sembuse wao.

"Ngojeni!" Mama mboga wetu alipenya katikati, simu yake ikiwaka tochi, akanimulika kuanzia viatuni. Viatu ndivyo anavyovijua, maana mimi hupita kibandani kwake nimeinamisha kichwa. "Huyu ana deni langu la sukuma wiki na mayai. Shilingi 640. Mkimmaliza, mimi nitalipwa na nani?"

Umati ukaliona hilo ni jambo la msingi. Nikapewa nafasi ya kutoa simu. Nilimtumia kwa M-Pesa mikono ikitetemeka, nikakosea namba ya siri, nikarudia. Ujumbe ulipoingia aliusoma kwa sauti, kiasi cha pesa kwanza, kisha majina yangu yote kama yalivyo kwenye kitambulisho. Pakawa kimya cha Kiamunyi chenyewe.

"Mkuu," mstaafu akasema, akiificha fimbo nyuma, "lakini umeona azimio limefanya kazi."

Walinisaidia kulisukuma, hilo sitawanyima. Walilivalisha kwenye bawaba zilezile, nikafunga mnyororo, nikafunga kufuli, nikaingia kuoga. Mke wangu alikuwa akinikanda mgongo kwa maji ya moto simu ilipolia. Afande.

"Mzee, nina habari njema. Lile geti limeonekana mtaani kwenu jioni hii. Tumepigiwa na raia mwema."

"Afande, geti..."

"Sikiliza. Mshukiwa ni mwanamume wa makamo, mnene kidogo, amevaa kofia ya kike, anachechemea. Mara ya mwisho ameonekana akiingia kwako."

"Kwangu?"

"Kwako. Kwa hiyo jifungie ndani, na mtu yeyote asitoke mpaka tufike."

Nikamuuliza watafika saa ngapi.

"Gari likipata mafuta," akasema.