Mlituanya anaumwa kwa lugha yake, sisi tunaumwa kwa Kiingereza

Wabongo tulio huku mashariki mwa Uingereza tuna utani wetu kuhusu Walituanya. Wamejaa Peterborough, Boston na Wisbech, wana maduka yao ya mkate mweusi na samaki wa moshi, watoto wao wanaongea Kiingereza kama wazawa, ila wazazi wakifika mbele ya daktari wanaanza kuonyesha kwa vidole. Sisi tuliochapwa shuleni kwa kosa la kuongea Kiswahili tunajiona mabingwa. Nimefanya nao kazi wodini miaka sasa, na utani huo umenitoka. Naona wao ndio wametuzidi, tena mahali panapouma.

Lituanya iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizowafungulia milango ya ajira siku hiyo hiyo. Watu wakaja kuvuna kabeji, kufungasha mboga, kufanya kazi kwenye viwanda vya kuku. Wauguzi nao wakaja, na wakati huo muuguzi wa nchi ya Umoja wa Ulaya alisajiliwa bila mtihani wa Kiingereza. Kisha mwaka 2008 daktari aliyetoka Ujerumani kushika zamu huko Cambridgeshire akamdunga mgonjwa diamofini, dawa kali ya maumivu, mara kumi ya kipimo kinachotakiwa, mgonjwa akafariki, na kelele zilizofuata zikaigusa lugha pia. Madaktari wa Ulaya wakaanza kudaiwa Kiingereza mwaka 2014, wauguzi Januari 2016.

Mwenzangu mmoja, Mlituanya, alifika baada ya mlango huo kufungwa. Kwao alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji. Hapa wodini anavaa sare ya wasaidizi, anaogesha wagonjwa na kutandika vitanda, kwa sababu IELTS, mtihani wa Kiingereza wanaodaiwa wauguzi, inataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na huko kwenye kuandika ndiko anakokwama. Mimi niliyesoma uuguzi kwa Kiingereza mwanzo mwisho nilipita mtihani huo huo, na leo namtuma kazi mtu aliyeanza kuhudumia wagonjwa mimi nikiwa bado sekondari. Kwa hiyo msinielewe vibaya: Kiingereza cha nyumbani kimenilisha na kinaendelea kunilisha.

Ana daftari la hesabu, lile la miraba, na wakati wa chai analitoa mfukoni kukariri. Mwanzoni nilidhani anahangaika na maneno makubwa ya vitabuni. Wapi! Hayo anayo. Nimonia kwao ni pneumonija, shinikizo la damu ni hipertenzija, bronkaitisi ni bronchitas. Kilatini na Kigiriki vilishammalizia nusu ya kazi. Kinachomtoa jasho ni vineno vifupi vya mtaani: itch, numb, sore, rash, lump, cramp. Mzee wa hapa akikwambia ana shida na "waterworks" anazungumzia mkojo. Akisema alipata "funny turn", huenda alikaribia kuzimia. Bibi akitaka "spend a penny", mkimbize chooni. Chuoni kwetu hakuna aliyetufundisha hayo, tulifundishwa "micturition", yaani kukojoa, tukaona tumefika. Na hapo mwenzangu ananipita mbali, maana alipiga soga na wazawa kiwandani kwanza kabla ya kuja hospitali.

Halafu yapo maneno pacha yenye tabia tofauti, na hayo ndiyo ya hatari. Alikuja mzee wa Kilituanya kufanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri. Alipoulizwa magonjwa aliyowahi kuugua akasema "angina", akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto: tangu utotoni, mara nyingi. Nesi kijana aliyekuwa anajaza fomu akaandika. Kwa Kiingereza, angina ni maumivu ya kifua ya moyo usiopata damu ya kutosha, na mtu wa namna hiyo hapelekwi chumba cha upasuaji kirahisi. Nesi alikuwa ameshanyanyua simu kumtafuta daktari wa usingizi. Mwenzangu alikuwa kitanda cha pili anabadilisha shuka. Akageuka, akamuuliza mzee swali fupi kwa lugha yao, mzee akafungua kinywa na kuonyesha koo. Kwa Kilituanya, angina tupu ni mafindofindo. Ile ya moyo wanaiita krūtinės angina, angina ya kifua. Fomu ikakatwa, ikaandikwa upya. Na huyo aliyegundua haruhusiwi hata kumpa mgonjwa panadoli. (Ameshaniambia nijihadhari na "insultas" pia. Mlituanya akisema mama yake alipata hiyo, hakutukanwa na mtu, ni kiharusi.)

Hospitali ina wakalimani wa simu, mgonjwa halipi senti, na kanuni inasema ndugu asigeuzwe mkalimani. Siku ile hakuna aliyewapigia kwa sababu mzee alikuwa anaitikia "yes" kila kitu.

Kilichonigeuza mawazo lakini si hicho. Siku moja mwenzangu alinionyesha kwenye simu majibu yake ya vipimo vya huko kwao. Wana mfumo wa taifa wa afya mtandaoni, e. sveikata, mgonjwa anaingia mwenyewe na kusoma. Kilituanya kitupu. Inkstai ni figo, kepenys ni ini, plaučiai ni mapafu, na ndivyo anavyoyaita bibi yake jikoni. Nikamuuliza kama daktari wao huwa anaandika hivi siku zote. Akashangaa swali. "Aandike kwa lugha gani nyingine?" Nchi nzima haifiki watu milioni 3.

Wala hawakupewa bure. Kuanzia mwaka 1864 hadi 1904 dola ya Urusi ilipiga marufuku kuchapa Kilituanya kwa herufi za Kilatini. Vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia, vikaingizwa kwa magendo, na baadhi ya waliovibeba waliishia Siberia. Waliokuwa mstari wa mbele kuipigania lugha hiyo matabibu walikuwemo. Jonas Basanavičius, aliyefanya kazi ya udaktari miaka mingi Bulgaria, ndiye aliyeanzisha gazeti la Aušra mwaka 1883, na sahihi yake imo kwenye tangazo la uhuru la tarehe 16 Februari 1918. Vincas Kudirka, mwingine wa kundi hilo, naye alikuwa daktari. Kwetu daktari anaongea Kiswahili na mgonjwa vizuri tu, halafu anainama na kuandika Kiingereza.

Baba yangu yuko Tanga, Ngamiani. Ana presha ya siku nyingi na moyo umeanza kuchoka. Kila akitoka hospitali mdogo wangu ananitumia picha ya cheti kwa WhatsApp. Kimoja kilisomeka hivi: "CCF 2° HTN. Cont. Rx. TCA 2/52." Basi. Kwa lugha ya binadamu: moyo unashindwa kusukuma damu vizuri kwa sababu ya presha, endelea na dawa, rudi baada ya wiki mbili. Baba alidhani 2/52 ni namba ya faili. Daktari alimweleza kwa mdomo, sina shaka, lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni na mzee akatoka na neno moja tu kichwani, chumvi. Siku ya kurudi ikapita. Miguu ikavimba tena mpaka viatu vikakataa. Kwenye bahasha za dawa nako kuna 1x2 na 2x3, na ni juu yako kujua ipi ni idadi ya vidonge na ipi ni mara ngapi kwa siku.

Simlaumu yule daktari. Ndivyo alivyofundishwa, na angeandika Kiswahili wenzake wangemcheka.

Nikisema kwenye vikao vyetu kwamba cheti cha mgonjwa kiandikwe kwa Kiswahili, naambiwa istilahi hazitoshi. Lugha yenye ganzi, kiungulia, kichefuchefu, kichomi na degedege haitoshi? BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Mahakama nazo tuliambiwa haziwezekani kwa Kiswahili, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Na kadi ya kliniki ya mtoto mbona ni ya Kiswahili, na mama anasoma mwenyewe uzito wa mwanawe? Mtu akikua ndipo ugonjwa wake unageuka siri ya wasomi.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine. Kiswahili si lugha ya kila mtu. Bibi wa Kimasai kule Simanjiro akiandikiwa Kiswahili badala ya Kiingereza, kwake ni yale yale. Leo anayemtafsiria ni mjukuu wa kiume au mlinzi wa getini, na mambo ya kike hatayataja mbele yao hata akifa nayo. Hapo ningewaiga Waingereza bila aibu, na mkalimani wao wa simu. Simu zipo mpaka porini. Sijaona hospitali ya kwetu iliyojaribu, na nimefanya kazi kwenye kadhaa.

Mitaala ya udaktari ibaki kwa Kiingereza kwanza, sina ugomvi nayo, na barua ya rufaa kutoka daktari kwenda kwa daktari waandikiane wanavyotaka. Ninachotaka ni ile karatasi anayoondoka nayo mgonjwa. Hiyo iwe ya Kiswahili, maneno kamili, tarehe kamili.

Kwa sasa nimejiteua mwenyewe. Cheti cha Baba kikifika nakiandika upya: dawa ipi, vidonge vingapi, asubuhi au jioni, rudi tarehe fulani, miguu ikivimba usisubiri tarehe. Mdogo wangu anakwenda kukichapa dukani na kukibandika mlangoni mwa kabati. Mama wa nyumba ya mbele alikiona, akaleta cha mumewe. Akafuata fundi baiskeli wa kona. Siku hizi nikitoka zamu ya usiku nakuta picha za vyeti vya mtaa, vingine vya watu nisiowajua hata kwa sura, wanaulizia TCA ni ugonjwa gani.