Kusini mwa Ulaya, Fuateni Maji

Kila msimu wa kiangazi cha Ulaya unapokaribia, orodha ileile huanza kuzunguka katika makundi ya wasafiri: maeneo ya lazima kuyaona kusini mwa Ulaya, kila moja na picha yake na sentensi mbili chini yake. Ya safari hii imenikera kuliko zote zilizotangulia. Pont du Gard, daraja la matao la Warumi kule kusini mwa Ufaransa, imeelezwa kuwa ni mahali pazuri pa kupigia picha wakati wa machweo, basi. Aliyeiandika hakuona haja ya kusema matao yale yalijengwa ili yabebe nini, wala kwa nini watu walijitaabisha kuyainua mita 49 hivi juu ya mto. Mtu atatumia akiba ya miaka kufika pale, atapiga picha yake, atarudi kwenye basi, na kazi yenyewe iliyofanyika pale haitakuwa imemfikia.

Nami nasema hivi: sehemu kubwa ya uzuri tunaoufuata katika nchi zile ni kazi ya maji, na anayezuru bila kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi ameona ganda tu. Sehemu kubwa ya kusini mwa Ulaya ni nchi kavu. Kiangazi cha Andalusia, kusini mwa Hispania, hakina huruma, na miezi inaweza kupita bila mvua ya maana. Kila bustani, kila ua wenye kivuli, kila mji uliodumu juu ya genge kwa karne nyingi, umedumu kwa sababu yupo mtu aliyepima mteremko na kuchimba mfereji, na wapo wengine waliokubaliana nani afungulie maji na kwa muda gani. Huenda naliona jambo hili upesi kwa kuwa nilikulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mtoto huijua zamu ya mfongo, yaani mfereji wa kijiji wa kumwagilia mashamba, mapema sana, na ambako asiyefika siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini, awe nani. Aliyelelewa hivyo hawezi kuitazama bustani ya kijani katikati ya nchi kavu bila kuuliza liko wapi banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni.

Turudi Pont du Gard. Warumi waliijenga katika karne ya 1 BK, na ile tunayoiona ni kipande kimoja tu cha mfereji wa kilomita 50 hivi uliotoka kwenye chemchemi za karibu na Uzès hadi mji wa Nîmes. Kwa mstari ulionyooka, miji hiyo miwili haiachani hata nusu ya umbali huo, lakini vilima vilivyosimama kati yao viliwalazimu mafundi kuzunguka. Katika mwendo huo wote, maji yalishuka mita 12 au 13 tu, yaani wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita. Wazieni mafundi wasio na vipimo vya kisasa wakiushika mteremko wa kiasi hicho, kilomita baada ya kilomita, kupitia misitu na miamba, huku wakijua kwamba kosa dogo mahali pamoja lingeyafanya maji yatuame. Matao yale matatu yaliyopandana yapo kwa sababu bonde la mto Gardon lilikatiza njia, na maji hayaruki bonde. Baadaye chokaa iliyokuwa ndani ya maji ikaganda kwenye kuta za mfereji na kuubana, utunzaji ulipolegea mfereji ukafa, na matao yakabaki.

Chokaa ya namna hiyohiyo, huko Plitvice nchini Kroatia, haikuua kitu, inajenga. Inaganda juu ya kuvumwani na kuwa mawe, mawe yanakuwa kingo, na kingo zinazaa maziwa 16 yanayomwagikiana kwa maporomoko. Ndiyo maana kuogelea kumepigwa marufuku pale, na wanaolalamikia marufuku hiyo hawajaelewa walichokwenda kukiona. Roma, watu hutupa sarafu katika chemchemi ya Trevi bila kujua kwamba ni mwisho wa mfereji uliozinduliwa na Agrippa, jemadari wa Kirumi, mwaka 19 KK. Matera, kule kusini mwa Italia, chini ya uwanja mkuu wa mji kuna hodhi lililochongwa ndani ya mwamba, Palombaro Lungo, linaloweza kuhifadhi takriban lita milioni 5. Mgeni akishuka ngazi zake na kuona alama ya maji juu kabisa ukutani, ndipo anapoelewa namna watu walivyoweza kuishi katika mapango ya mji ule kwa vizazi na vizazi, hadi serikali ilipoanza kuwahamisha katika miaka ya 1950.

Lakini mahali ambapo uzembe huu huniuma zaidi ni Granada. Alhambra, ngome na majumba ya watawala wa Kiislamu wa zamani wa mji huo, hupokea zaidi ya wageni milioni 2 kwa mwaka, na wengi wao huongozwa kutoka chumba hadi chumba wakionyeshwa nakshi za plasta, vigae vya rangi na dari za mbao. Hizo ni kazi za mikono zinazostahili kila sifa. Hata hivyo, simama kwanza nje ya kuta ukitazame kilima chenyewe. Mto Darro uko chini bondeni. Kilima cha Sabika, palipojengwa ngome, kiko juu na ni kikavu. Muhammad wa Kwanza, mwanzilishi wa nasaba ya Wanasri, alipoanza kujenga pale mwaka 1238, alijua kwamba ngome isiyo na maji ni mtego kwa waliomo ndani yake. Mafundi hawakuhangaika kuyapandisha maji kutoka chini. Waliufuata mto kuelekea milimani kwa takriban kilomita 6, hadi mahali ambapo mto wenyewe uko juu kuliko kilima, wakaweka banio hapo, kisha wakayaongoza maji kwa mfereji uliong'ang'ania ubavu wa bonde hadi yakaingia ndani ya kuta kwa mteremko peke yake. Mfereji huo, Acequia Real, ndio uliozaa kila kitu ambacho wageni wanapanga foleni kukiona. Bila huo pasingekuwa na bustani, wala hamamu, wala birika refu linaloakisi mnara wa Comares.

Katika Generalife, jumba la mapumziko na bustani za watawala hao jirani na Alhambra, mfereji huo hupita katikati ya ua mkuu, wazi kabisa, na watu huuruka wakidhani ni pambo. Juu zaidi kuna Ngazi ya Maji, iliyofunikwa na kivuli cha miti. Pande zote mbili za ngazi kuna kuta fupi, mahali ambapo mtu angetegemea kushika anapopanda, na juu ya kuta hizo zimetandikwa vigae vilivyopinda kama mifereji midogo, na maji hushuka humo kwa kasi, usawa wa mkono. Kila baada ya vipandio kadhaa kuna kituo cha mviringo chenye chemchemi ndogo katikati. Niliweka kiganja changu ndani ya mojawapo mchana wa jua kali. Maji yakagawanyika kwenye vidole, yakakutana tena upande wa pili na kuendelea kushuka, na hewa ya mahali pale ilikuwa na ubaridi ambao hatua chache nyuma haukuwapo. Kiongozi aliyetutembeza siku hiyo alikuwa ameshatangulia, akitusihi tuharakishe kwa ajili ya saa yetu ya kuingia katika majumba.

Na ndani ya majumba, katika Ua wa Simba uliojengwa na Muhammad wa Tano katika karne ya 14, simba 12 wa marumaru wamebeba hodhi mgongoni, na vifereji vinne vinakutana hapo kutoka pande nne za ua. Kuzunguka ukingo wa hodhi limechongwa shairi la Ibn Zamrak, linalosema kwamba maji na marumaru vimefanana hata mtu hawezi kujua ni kipi kinachotiririka. Shairi limeandikwa juu ya kitu chenyewe, kuwaeleza watazamaji walichokiona, na bado watu hupigwa picha na simba na kuondoka.

Kwa sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, mahali hapa pana uzito wa ziada. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada karibu na mwaka 1350. Sultani aliyemkuta Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, jumba la kifalme la huko, pamoja na birika lake la pembe nane juu ya bahari. Watawala wa Kilwa na wa Granada waliishi katika karne moja, katika ulimwengu ambao msafiri mmoja aliweza kuutembea wote, na katika ulimwengu huo heshima ya nyumba ilipimwa kwa maji yaliyokuwa ndani yake. Aliyesimama Husuni Kubwa haingii Alhambra kama mgeni kabisa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila msafiri anataka darasa la uhandisi, na kwamba mtu aliyechoka na kazi ana haki ya kukaa kwenye kisiwa cha Santorini akatazama bahari tu. Nakubali pia kwamba tiketi za Alhambra huisha mapema na kwamba muda wa kuingia katika majumba umepangwa, hivyo haraka ile si kosa la viongozi peke yao. Nisichokikubali ni orodha inayowafundisha watu kwamba kutazama ndiyo kazi yote.

Jambo hili lina dharura yake. Huko Doñana, hifadhi ya ardhioevu katika Andalusia hiyohiyo, ziwa la Santa Olalla lilikauka kabisa mwaka 2022 na tena mwaka 2023, kwa ukame na kwa visima vinavyonyonya maji ya ardhini kwa ajili ya mashamba na utalii. Wageni nasi tumo katika hesabu hiyo. Wakati huohuo, kwenye miteremko ya Sierra Nevada, katika vijiji vya Alpujarra, bado ipo mifereji ya kale ambayo haiyapeleki maji shambani moja kwa moja. Theluji inapoyeyuka, maji huongozwa hadi mahali ambapo ardhi ina vinyweleo, yakaachwa yazame mlimani, na baada ya wiki au miezi hutokea chini katika chemchemi, wakati wa kiangazi, yanapohitajika. Mingi ya mifereji hiyo ilitelekezwa vijana walipohamia mijini. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Granada wamekuwa wakishirikiana na wanakijiji na watu wa kujitolea kuifukua kwa majembe na sepetu. Pampaneira, Bubión na Capileira hufikika kwa basi kutoka Granada, na mtu anaweza kutembea kwa miguu kando ya mifereji hiyo siku nzima.

Halafu nendeni Valencia, na mhakikishe mko pale siku ya Alhamisi. Saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, huketi Baraza la Maji, ambalo tangu enzi za Waislamu limekuwa likiamua kesi za wakulima wa mifereji ya mto Turia. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, wamevaa majoho meusi. Anayelalamika husema kwa mdomo, anayelalamikiwa hujibu kwa mdomo, hakuna wakili, na uamuzi hutolewa papo hapo. UNESCO ililiandikisha baraza hilo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Hakuna tiketi, mnasimama uwanjani pamoja na watu wengine. Mara nyingi hakuna shauri lolote, afisa wa baraza huita majina ya mifereji mmoja baada ya mwingine, na kikao huisha ndani ya dakika chache. Hudhurieni hata hivyo, kisha alasiri hiyohiyo mtoke nje ya mji hadi kwenye mashamba ya Horta, mkaione mifereji iliyotajwa ikinywesha vitunguu na atichoki, kwa kuwa mji unazidi kupanuka juu ya mashamba hayo.